Kona za Kushoto na Breki Isiyokanyagwa

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mkazi wa Iringa na ninaendesha gari dogo lililotumika, lililoingizwa nchini kutoka Japani. Tangu mwezi uliopita, kila nikiteremka mlima wa Kitonga kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa, gari hushika breki lenyewe ninapokata kona za kushoto. Huvutwa upande wa kulia, ambako malori yanapanda, na kitaa cha njano chenye picha ya gari linaloserereka humetameta kwenye dashibodi. Barabara huwa kavu kabisa, na kona za kulia hazinipi shida. Fundi mmoja ameunganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari, akasema haoni kosa lolote. Mwingine amenishauri nichomoe fyuzi ya mfumo wa kudhibiti mserereko ili nipate amani. Nifanyeje? Msomaji, Iringa.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa misukosuko hiyo, na fyuzi iache mahali pake kwanza. Barua yako ina mambo mawili ambayo mafundi wako wote wawili wameyapita bila kuyatazama: kwamba kitaa humetameta, na kwamba shida iko kwenye kona za kushoto peke yake.

Kitaa hicho kikiwaka moja kwa moja bila kuzimika, maana yake ni kwamba mfumo wa kudhibiti mserereko umejitambua kuwa ni mbovu na umejitoa kazini, au umezimwa kwa kitufe. Kikimetameta, maana yake uko kazini wakati huohuo. Kwa hiyo gari lako linaamini kwa dhati kwamba linaserereka, na linajitahidi kukuokoa. Ndiyo maana mashine ya fundi haikuona kosa: kila kihisi, au sensa kama mafundi wanavyoiita, kinatoa kipimo kilicho ndani ya mipaka yake, na kompyuta haina sababu ya kukishuku hata pale kipimo hicho kinapokuwa si cha kweli.

Mfumo huu, ambao Mercedes-Benz na Toyota walianza kuuweka kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1995, hufanya ulinganisho mmoja tu, lakini huurudia takriban mara 25 kwa sekunde. Upande mmoja unasoma pembe ya usukani na kasi ya magurudumu, ili kujua dereva anataka kwenda wapi. Upande wa pili unasoma kihisi kinachopima jinsi bodi ya gari inavyozunguka na jinsi inavyosukumwa pembeni, ili kujua gari linakwenda wapi hasa. Majibu yakipishana kupita kiasi, kompyuta hupunguza nguvu ya injini na kushika breki ya gurudumu moja. Gari likiwa zito kugeuka, hushikwa zaidi gurudumu la nyuma la upande wa ndani wa kona. Mkia ukitaka kutoka, hushikwa gurudumu la mbele la upande wa nje.

Sasa turudi Kitonga. Wewe unakata kona ya kushoto, na gari linavutwa kulia. Hiyo ni breki ya gurudumu la mbele la kulia, yaani la upande wa nje, nayo inanionyesha kwamba kompyuta inadhani mkia wa gari unatoka: gari linageuka kushoto kuliko dereva anavyoomba. Kwa nini idhani hivyo ilhali barabara ni kavu na mwendo ni wa kistaarabu? Mshukiwa wangu wa kwanza ni sifuri ya usukani, yaani mahali ambapo kompyuta huhesabu kwamba usukani umenyooka. Hukuandika kama mwezi uliopita ulipeleka gari kufanyiwa alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, au kubadilishiwa tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele, lakini ningeweka dau kwamba ulifanya hivyo.

Jipime mwenyewe. Tafuta barabara iliyonyooka na tambarare, nenda polepole bila kuubana usukani, kisha utazame nembo iliyo katikati yake. Ikiwa imeinama kulia wakati gari linakwenda mbele sawasawa, basi kihisi cha usukani kinaiambia kompyuta kwamba unataka kwenda kulia. Kwa gari dogo la kawaida, digrii 10 za usukani ni sawa na kuomba kona pana yenye nusukipenyo cha mita 220 hivi. Kwenye barabara iliyonyooka kosa hilo linavumilika. Lakini ukiingia kona kali ya kushoto, kompyuta inapunguza digrii hizo kwenye ombi lako, inaona gari limezidisha kugeuka, na inalishika. Kwenye kona ya kulia kosa ni lilelile ila limegeuka: kompyuta huona gari zito kugeuka, na dawa yake huwa ya upole, pengine injini kupunguzwa nguvu kidogo tu, jambo ambalo dereva anayeteremka na gia nzito hawezi kulihisi.

Tiba yake ni kurudia alaimenti usukani ukiwa umefungwa katikati, kisha kuiwekea kompyuta sifuri mpya. Baadhi ya magari hujifunza sifuri yenyewe yakiendeshwa kwenye barabara iliyonyooka; mengine husubiri kuelekezwa kwa mashine. Kihisi cha mzunguko wa bodi nacho huhitaji sifuri yake, na hiyo huwekwa gari likiwa limesimama mahali tambarare. Nalisisitiza hili kwa sababu ya milima ya kwenu Iringa: sifuri iliyowekwa gari likiwa limelala upande kwenye ua wa gereji huifundisha kompyuta kwamba mwinamo ule ndio usawa. Kihisi hicho mara nyingi hufungwa chini ya konsoli, lile sanduku lililo kati ya viti vya mbele, au chini ya kiti, kwa hiyo kama kapeti liliwahi kung'olewa kukaushwa, hakikisha kimerudishwa na skrubu zake zote na mshale wake unaelekea mbele.

Kama usukani umekaa sawa, nenda kwenye matairi. Niliwahi kuona gari lililobadilishiwa pampu nzima ya breki kwa fedha nyingi, kumbe nyuma lilikuwa na tairi la 195/65 R15 upande mmoja na la 195/60 R15 upande wa pili, yote mawili ya mtumba. Kwa macho hayakupishana sana, lakini kipenyo kilitofautiana kwa milimita 19 na nusu, takriban asilimia 3. Ekseli yenye upana wa mita moja na nusu ikiwa na tofauti hiyo huzungusha magurudumu yake kama ya gari linalokata kona ya nusukipenyo cha mita 50, hata likiwa kwenye barabara iliyonyooka! Tairi jipya likiwekwa sambamba na lililokwisha huleta kosa la namna hiyo kwa kiasi kidogo zaidi, na upepo usiolingana vilevile. Soma namba za ubavuni za matairi yote manne kabla hujamlipa mtu yeyote.

Yanayobaki ni beringi ya gurudumu yenye mchezo, beringi mpya iliyopachikwa ikiwa imegeuzwa hivi kwamba upande wenye sumaku hautazamani na kihisi, na bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari) zilizochoka. Hayo fundi mzuri huyagundua gari likiwa juu ya jeki.

Kuhusu fyuzi: katika magari mengi mfumo huu unatumia kifaa kimoja na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, kwa hiyo ukiichomoa utateremka Kitonga bila vyote viwili. Kama ni lazima usafiri kabla ya matengenezo, tumia kitufe cha kuuzima kilichomo ndani ya gari, ingawa katika baadhi ya magari hakiuzimi wote. Punguza mwendo zaidi, na baada ya kutengeneza jaribu kwanza kwenye uwanja mpana usio na magari, ukizunguka kushoto na kulia kwa mwendo uleule, kabla hujakutana tena na lori linalopanda.