Chai yangu ilimwagwa kwa sinki, sasa wananiomba risipi

Juzi nikiwa kwa matatu ujumbe ukaingia, "mami, kwani ile chai yako ya kijani unaweka nini, mbona haina uchungu?" Nikacheka peke yangu mpaka makanga akaniangalia. Aliyetuma ni dada wa chama chetu, yule yule ambaye mwaka juzi aliinuka na kikombe changu polepole, akaenda jikoni akidhani simwoni, akamwaga yote kwa sinki.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya kukaribisha, hapa Donholm. Nikajiambia chai ya maziwa kila mtu anapika, wacha niwe tofauti, nikanunua majani ya kijani, tena ya hapa hapa kwetu, nikachemsha maji mpaka yakaruka, nikatumbukiza majani na kuyaacha kwa jiko dakika kumi hivi, vile tunafanyanga na majani ya kawaida. Ikatoka rangi ya maji ya mtaro. Mmoja akauliza kama ni dawa ya minyoo. Wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini usiku nikiosha vyombo nilihesabu vikombe kumi na moja, na vinane vilikuwa bado vimejaa, vimeshika utando juu. Bado inaniuma kidogo, sitadanganya.

Kosa lilikuwa moto. Majani yetu meusi yamezoea kupikwa, na maziwa yanafunika makosa mengi. Ya kijani hupashwa moto mapema kiwandani yasigeuke meusi, na ukiyamwagia maji yanayochemka yanakutolea uchungu wote mara moja. Yanataka nyuzi 70 mpaka 80 hivi, sasa nani ana kipimajoto jikoni? Ndio nikageukia maji baridi, vile Wajapani hufanya, wao huita mizudashi. Baridi inavuta utamu pole pole, ule uchungu na kafeini vinatoka kidogo.

Haya, risipi. Lita moja ya maji, gramu 10 za majani, kwangu ni vijiko vinne vya chai, ama pakiti tano za zile za kamba. Weka kwa friji jioni, masaa sita mpaka nane, chuja, kunywa. Kama majani ni yale ya kusagwa sana onja mapema, masaa manne yanaweza kutosha. Limau weka kwa glasi wakati wa kunywa. Imalize kwa siku mbili.

Lakini maji CHEMSHA KWANZA, kisha yapoe kabisa. Sisi watu wa maji ya mgao na mitungi tusijidanganye, friji haiui kidudu. Na stima ikipotea usiku kucha mimi humwaga, hata kama roho inauma. Alafu jagi iwe na kifuniko! Mara ya kwanza niliacha wazi karibu na nusu ya kitunguu, asubuhi nikanywa kachumbari.

Na mwache kuweka sukari, aki. Nchi inayolima chai hivi na hatujui majani yenyewe yana ladha gani, tunajua tu maziwa na sukari. Mtu anawaambia hii si chai na nyinyi mnakubali, mnarudi kwa sufuria. Mimi nilichekwa na sikurudi, nililoweka na kumwaga miezi mitatu mpaka nikaipata.

Mwezi uliopita nilipeleka lita tatu kwa chama na nikarudi na jagi tupu. Huyo dada alikunywa glasi nne, nilihesabu. Jumamosi hii ni zamu yake, wageni wanafika saa nane mchana, na kwa vile najua hasomi hapa, nitamjibu ujumbe wake Jumamosi yenyewe, saa tano asubuhi hivi.