Seva Imekaa Bure, Mbona Umeme Unakwenda?

Tuna seva sita za VMware (programu inayowezesha seva moja kubeba mashine pepe nyingi, yaani kompyuta za kiprogramu). Prosesa zinafanya kazi kama asilimia 15 tu, lakini bili ya umeme haishuki. Kwa nini? (Mwanza)

Seva ikishawashwa inakula, iwe na kazi au haina. Mwaka 2007 Luiz Barroso na Urs Hölzle wa Google walionyesha kwamba seva za wakati ule, zikikaa bila kazi, bado zilitumia karibu nusu ya umeme zinaotumia zikielemewa. Za leo zina nafuu, ila feni, memori na pawa saplai haziachi kula.

Pigeni hesabu: sita mara 15 ni 90. Kwa upande wa prosesa, kazi yenu yote ni chini ya ile ya seva moja! Bahati mbaya memori ndiyo hujaa kwanza, kwa hiyo angalieni hiyo, mwongeze nafasi ya seva moja kuharibika, halafu mzime zinazobaki. VMware wana DPM, kipengele cha kuokoa umeme: mzigo ukipungua, huhamisha mashine pepe, hulaza seva iliyobaki tupu, kisha huiamsha kupitia mtandao (kwa IPMI, iLO au Wake-on-LAN). Jaribuni kwanza kama inaamka kweli.

Fundi aliweka "Low Power" (mpangilio wa kuokoa umeme) kwenye ESXi, programu ya VMware inayoendesha seva; sasa hifadhidata inajikokota. Ndiyo sababu? (Nairobi)

Inawezekana sana, lakini tazama esxtop, zana ya ESXi ya kuonyesha matumizi ya seva, kabla ya kumlaumu. %RDY (asilimia ya muda wa kusubiri prosesa) ikizidi takriban 5 kwa kila vCPU, yaani prosesa pepe, tatizo huenda ni msongamano: mashine zinapanga foleni kusubiri prosesa. Ikiwa iko chini, rudisha "Balanced", ambayo ndiyo ESXi huja nayo. Kushusha kasi ya prosesa hupunguza wati, ndiyo, ila kazi nayo huchukua muda mrefu zaidi, na seva nzima inaendelea kula muda wote huo. Hakikisha pia BIOS (programu ya msingi ya seva) imeiachia ESXi udhibiti wa umeme. La sivyo unachochagua huko hakina nguvu.

Nizime C-states (hali za prosesa kulala) zote ili seva iwe na kasi? (Arusha)

Usizime. Kori zilizolala huziachia zenzake nafasi ya kupanda turbo, yaani kasi ya ziada. Kuzima waachie wanaohesabu mikrosekunde.

Tulizima seva kadhaa, PUE ikapanda kutoka 1.8 hadi 1.9. Bosi anauliza tumeharibu nini. (Dar es Salaam)

Hamjaharibu kitu. PUE ni umeme wote wa kituo ukigawanywa kwa umeme wa vifaa vya kompyuta. Tuseme mlikuwa na kilowati 90 kwa 50, sasa ni 76 kwa 40. Uwiano umepanda, lakini kilowati 14 zimeokolewa. Bosi aonyeshwe bili.

Kinachobaki ni viyoyozi, ambavyo bado vinapoza kana kwamba seva zote zipo. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji cha Marekani, wanapendekeza nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi pale hewa inapoingilia kwenye seva. Vyumba vingi vya seva nilivyoingia vinahitaji sweta.