Umeuliza kamera, nami nakujibu jiwe

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nimemaliza mafunzo ya kuzamia. Nataka picha zangu ziokoe bahari kama zako. Ninunue kamera gani?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo hilo niliwahi kuliuliza mimi miaka 11 iliyopita, na kila aliyenijibu alinitajia kamera. Hakuna aliyeniuliza ninataka kupiga nini, na kwa ajili ya nani.

Ujumbe wake umenikuta nina furaha. Mahali ninapozamia mara kwa mara pamewekwa maboya ya kufungia boti, ili nanga zisitupwe tena juu ya matumbawe. Waliokaa kuamua jambo hilo walionyeshwa picha zangu. Si zile mnazozisifia, ni nyingine, na wengi wenu hamjawahi kuziona. Nitazifikia.

Nilianza kama mnavyoanza nyote, nikiwinda uzuri. Kamera ya kwanza ilikufa katika mbizi yake ya nne. Unywele mmoja tu ulikuwa umelala juu ya ule mpira wa duara unaoziba kasha la kuzuia maji yasiingie kwenye kamera, na chini huko, kila mita 10 unazoshuka, maji yanaongeza mgandamizo unaolingana na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Niliona tone moja, kisha ukungu, kisha kioo cheusi. Nilikuja kujifariji nilipojua kwamba William Thompson, yule Mwingereza aliyeteremsha kamera ndani ya sanduku katika ghuba ya Weymouth mwaka 1856, naye sanduku lake liliingia maji. Tofauti ni kwamba picha yake ilipona. (Futeni mpira, upakeni grisi yake, ukagueni kwenye mwanga. Kila safari, hata mkiwa na haraka.)

Miaka miwili iliyofuata siisimulii, ilikuwa ya kuchosha. Nilijifunza kwamba maji hula rangi na huanza na nyekundu, kwa hiyo hata kwenye mita chache tu samaki mwekundu anaanza kuonekana kama amepakwa majivu. Nilijifunza kusogea karibu, kisha kusogea karibu zaidi, kwa sababu maji yaliyo kati yako na samaki ndiyo yanayoharibu picha. Flashi ukiielekeza mbele moja kwa moja inamulika kila chembe inayoelea, na picha inatoka kama imenyeshewa mchanga. Ndiyo hayo tu. Mengine utayafundishwa na makosa yako.

Halafu nikampata kasa. Alikuwa anainua kichwa kutoka kwenye nyasi bahari, jani moja limening'inia mdomoni, jua limempasukia mgongoni. Picha ile ilizunguka kuliko nilivyowahi kuzunguka mimi mwenyewe. Shirika moja, sitalitaja, liliiweka kwenye bango lake bila jina langu. Niliandika mara tatu. Kimya. Huwa nasema nimesamehe, lakini mnaona wenyewe bado nalisimulia.

Kilichoniuma zaidi, hata hivyo, hakikutoka kwa wale. Nilimpelekea picha mama mmoja mtafiti wa kasa, nikitarajia sifa. Akaniuliza: "Ulimpiga lini? Kina gani? Una shavu lake, la kulia au la kushoto?" Sikujua kwamba kasa anatambulika kwa mpangilio wa magamba ya shavuni, kama sisi kwa alama za vidole. Picha za ubavuni nilikuwa nimezifuta kwa sababu hazikuvutia. Tarehe ya kamera sikuwahi kuirekebisha, ilisema ni mwaka mwingine kabisa. Mama akatabasamu: "Basi mwanangu, hiyo ni picha ya ukutani."

Sikulala vizuri siku hiyo. Na kama vile haitoshi, mwezi huo huo mzamiaji mwenzangu alinionyesha video aliyonichukua siku ya kasa. Mimi huyo hapo, nimezama katika kioo changu, magoti yote mawili juu ya matumbawe, matawi mawili yamekatika chini yangu. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema apige magoti juu ya viumbe hai. Nimeificha video hiyo miaka mingi. Leo naisema, kwa sababu ninawaona wengi mnaoandika "tuiokoe bahari" chini ya picha ambazo ukizitazama vizuri unaona pezi la mpigaji limelaza nusu ya bustani. Jifunzeni kuelea kwanza. Mtu asiyeweza kukaa palepale majini dakika tano bila kugusa kitu, kamera aiache botini.

Sasa jiwe.

Mwaka 2018 nilichagua tumbawe moja la umbo la kichwa, kubwa kama meza, kwenye kina cha mita 8. Halina sura, ndiyo maana naliita jiwe. Nilitafuta alama mbili kwenye mwamba ili nijue pa kukaa, nikapima umbali kwa kamba, nikaweka pembeni rula na kadi ya rangi (ina rangi zinazojulikana, za kulinganishia), nikapiga. Mwezi uliofuata nikarudi palepale, pembe ileile, umbali uleule. Nikaandika kwa penseli kwenye kibao: tarehe, kina, joto la maji. Nimefanya hivyo miaka 7. Nina picha 71, maana kuna miezi bahari ilinikatalia. Ukiziona kumi za kwanza utalala usingizi.

Mapema mwaka 2023 kuna picha yenye kovu. Upande mmoja wa jiwe umechubuka, mfereji mwembamba unaonyooka kuelekea chini, na kipande kimelala mchangani. Katika picha ya mwezi uliotangulia kovu hilo halipo. Nilijua ni nanga, lakini kujua kwangu si ushahidi wa kutosha kwa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata likaja joto. Mtajua kwamba Aprili 2024 ndipo wataalamu wa Marekani walipotangaza upaukaji wa nne wa matumbawe duniani. Ndani ya tumbawe mna mwani mdogo mno unaolilisha na kulipa rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa joto kwa hata nyuzi 1, yakakaa hivyo majuma kadhaa, tumbawe linautema mwani ule na kubaki jeupe. Likiwa jeupe bado liko hai, ila lina njaa. Jiwe langu likawa kama chaki. Miezi minne baadaye sehemu kubwa ilirudisha rangi. Ule upande wa kovu haukurudi. Uliota manyoya ya mwani wa kahawia.

Watu walipokutana kuzungumzia maboya, wenye boti walisema kitu ambacho hata mimi nisingeweza kukipinga kwa maneno: "Hili ni joto la dunia nzima, boya litasaidia nini?" Ndipo picha zikawekwa mezani kwa mfuatano. Kovu lilikuwepo mwaka mmoja kabla ya joto. Palipokuwa pazima pamepona, palipojeruhiwa pamekufa. Mzee mmoja mwenye boti alizirudia tatu za katikati mara mbili, akavua miwani, akasema, "Hiyo ni nanga." Nilitoka nje nikalia kidogo, siwafichi.

Picha nzuri ya tumbawe jeupe isingeweza kufanya hivyo, na ninazo nyingi. Ingewahuzunisha tu, kisha wakaenda zao.

Kwa hiyo, kijana wangu: rudi palepale. Andika tarehe. Nimekwambia uandike tarehe? Andika na kina. Picha ya kumbukumbu usiirekebishe rangi ukaitupa ile ya asili, kwa sababu ukishairudisha ile nyekundu kwa kompyuta unaweza kulifanya tumbawe lililopauka lionekane lina afya. Kadi ya rangi ndiyo inayokuonyesha umekosea wapi. Ukikutana na papa potwe, usimkimbilie usoni. Piga ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, pale madoa yake yanaposomwa na programu iliyotokana na hesabu za wanasayansi wa anga za kutambua mpangilio wa nyota. Ukikutana na yule taa mkubwa aitwaye manta (taa samaki, si taa ya kumulikia, ingawa nimewahi kumpofusha mmoja kwa nyingine), subiri akupitie juu, upige tumbo. Usimsogeze pweza wala farasi-bahari ili akae vizuri. Na mahali hasa pa kiumbe adimu wape watafiti, usipaweke hadharani, wapo wanaosoma picha zetu kwa nia nyingine.

Mtaniambia hayo hayapendezi. Kweli hayapendezi. Kila nikiweka picha ya jiwe napata sifa tatu, moja ya dada yangu.

Ama kamera: yangu ya sasa nimeinunua kwa mtu aliyeichoka, na kasha lake lina mkwaruzo kwenye kioo, juu kushoto. Ukizitazama zile picha 71 kwa makini, kuanzia ya 20 hadi ya mwisho, utauona umekaa palepale.