Usiingie benki kwa kupitia barua pepe

Kazini mimi ndiye ninayeitwa kompyuta zikisumbua, kwa hiyo barua hizi naletewa mara nyingi. "Tumegundua muamala usio wa kawaida. Thibitisha taarifa zako ndani ya saa 24, la sivyo akaunti yako itafungwa." Anayeileta huwa na swali moja: hii ni ya benki kweli au ya matapeli?

Siku hizi swali hilo silianzi. Namwambia aifunge barua, kisha afungue mwenyewe programu ya benki yake au apige namba iliyo nyuma ya kadi yake. Kama tatizo lipo, benki itamwambia. Na kama barua ilikuwa ya kweli, hajapoteza chochote kwa kutobonyeza kiungo chake.

Nasisitiza hivi kwa sababu dalili tulizozoea kuzitegemea zimeisha nguvu. Lugha mbovu? Matapeli wa leo wanaandika sanifu kabisa. Nembo inanakiliwa kwa dakika moja. Jina la mtumaji nalo ni maandishi tu. Utaratibu wa kutuma barua pepe uliochapishwa mwaka 1982 haukuwa na njia ya kuhakiki mtumaji ni nani. Ulinzi uliongezwa baadaye, lakini haumzuii tapeli kusajili anwani yake mwenyewe inayofanana na ya benki. Hata ile alama ya kufuli kwenye kivinjari inaonyesha tu kwamba mawasiliano yako na tovuti ile yamefichwa yasisomwe na wengine njiani. Haisemi mwenye tovuti ni mtu mwema.

Anwani yenyewe inahitaji jicho makini. Chukua benkiyangu.com.uhakiki.example: mwenye tovuti hapo ni uhakiki.example, na hilo jina la benki limetangulizwa kama pambo. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi, maana kioo kidogo mara nyingi huonyesha kipande tu cha anwani. Ndiyo maana napenda sana programu za kutunza nywila. Macho yako yanaweza kudanganywa, lakini programu hiyo inalinganisha anwani herufi kwa herufi, na ikikuta si ile iliyohifadhiwa, haijazi nywila. Ikigoma kujaza, simama hapo hapo.

Namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwenye simu nayo isikupe ujasiri wa kupita kiasi. Ukiiandika kwenye ukurasa wa bandia, tapeli anaweza kuipeleka benki sekunde ile ile, kabla haijaisha muda wake.

Na kama mtu ameshatoa taarifa zake? Apige simu benki kwanza, sasa hivi, aombe kadi na akaunti vizuiwe. Nimeona watu wakikaa kimya kwa aibu, na inaniuma, kwa sababu fedha huondoka katika saa hizo za kimya. Usimkaripie, mpe simu. Baadaye abadilishe nywila ya benki na ya barua pepe, akitumia kifaa anachokiamini. Kisha aingie kwenye mipangilio ya barua pepe aangalie kama kuna kanuni asiyoijua inayohamisha au kufuta barua zinazotoka benki. Wezi huiweka makusudi ili taarifa za miamala zisimfikie, na kubadilisha nywila peke yake hakuiondoi.