Bhubaneswar: Anza na Mapango, Jua Halijapanda

Nilikwenda Bhubaneswar, jimbo la Odisha, mashariki mwa India, kumtembelea mdogo wangu anayesoma huko. Siku ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa tano, nikatoka hotelini saa tano asubuhi na kandambili zangu. Kwenye mahekalu viatu vinavuliwa, na mawe yakishapigwa jua yanageuka kikaango. Nilizunguka nikirukaruka, wenyeji wakinicheka kwa adabu. Ukiweza nenda Novemba hadi Februari. Ukilazimika kwenda wakati wa joto, beba soksi nzito na uwahi alfajiri.

Kesho yake tulianza na mapango ya Udayagiri na Khandagiri, vilima viwili vinavyotazamana, barabara ikipita katikati. Yalichongwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwa ajili ya watawa wa Kijaini, dini ya kale ya India, enzi za mfalme Kharavela. Wengi hupiga picha kwenye pango la Bagh Gumpha, lililochongwa kama kinywa cha simbamarara kilichoachama, kisha wanaondoka. Usifanye hivyo. Kaa Rani Gumpha, lenye ghorofa mbili, uangalie kuta taratibu: tembo, wacheza ngoma, watu wakiwinda. Halafu inama uchungulie vyumba vya watawa. Dari iko chini mno hata kusimama huwezi, na sakafu imeinuliwa kidogo upande wa ndani iwe mto wa kulalia. Mto wa jiwe! Nilijilaza kuujaribu, mlinzi akanipigia filimbi.

Pango la Hathigumpha lenyewe halina urembo, ni mwamba tu ulioning'inia. Lakini tazama juu: mistari 17 ya Kibrahmi, maandishi ya kale ya India, Kharavela akisimulia vita vyake na kazi alizofanya mwaka baada ya mwaka. Pale ndipo mtu wa kukuelezea anastahili hela yake, ila mpatane bei kabla hajafungua mdomo.

Na ndizi ziache kwenye gari. Kima wa pale wakiona mfuko wa plastiki wanajua ni chakula. Wangu ulikwenda na ndizi zote.

Hekalu la Lingaraj, la karne ya 11, lina mnara wa mita zipatazo 55, lakini asiye Mhindu haingii. Usibishane getini. Kuna jukwaa nje ya ukuta la kutazamia. Hapo jamaa mmoja alinijia na daftari lenye majina ya wageni na viwango walivyotoa, vikubwa vya kutisha. Sisi tuliokulia kwenye michango ya harusi daftari hilo tunalijua. Nilitoa kidogo nikashukuru, akanuna, yakaisha.

Usafiri ni bajaji, ingawa wenyeji wanaita "oto". Mwambie dereva akupeleke hekalu la Mukteshvara, la karne ya 10, ukaone lango lake la upinde; Parasurameswara, kongwe zaidi, ni hatua chache kwa miguu. Rajarani liache la mwisho, jioni. Halina sanamu ya kuabudiwa ndani, hivyo unaingia kwa tiketi bila kuulizwa dini (mgeni analipa zaidi ya Mhindi, jiandae), na jua likilala mawe yake yanakuwa ya rangi ya asali. Sisi tulikaa kwenye majani hadi walinzi wakaanza kufunga.