Mwezi wa kwenda California

SWALI: Mhariri, mwanangu anafanya kazi Sacramento, katika jimbo la California, na ameniomba nimtembelee mwezi Julai kwa siku 12. Anataka tuzunguke kwa gari tuone San Francisco, milima ya Sierra Nevada, jangwa la Death Valley, Los Angeles na fukwe. Nina miaka 61, afya yangu ni njema, ila sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Je, safari hiyo inawezekana, na nifungashe nguo gani?
Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Shikamoo mama. Inawezekana, lakini nakusihi umwombe mwanao muisogeze hadi mwishoni mwa Septemba au siku za mwanzo za Oktoba. Julai ni mwezi wa kiangazi huko, na wageni wengi hudhani jimbo zima lina joto, kumbe San Francisco hufunikwa na ukungu unaotoka kwenye maji baridi ya Pasifiki, watu wakatembea na makoti mchana. Death Valley nayo, katika mwezi huohuo, hupita nyuzi 45 siku za kawaida. Ndiko kulikopimwa nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913, joto kubwa kuliko lolote lililowahi kuandikwa duniani. Mtu wa umri wako hana sababu ya kupelekwa huko mwezi huo. Septemba ikiisha, ukungu hupungua, San Francisco huwa na siku zake za joto zaidi, na barabara ya milimani kwa kawaida huwa bado haijafungwa na theluji.

Mjini San Francisco siku 2 zinatosha. Mtavuka daraja la Golden Gate, lililofunguliwa mwaka 1937. Wewe uliyevuka daraja la Kigongo–Busisi hapo Mwanza utagundua kwamba letu ni refu zaidi, kwani lile lina kilomita 2.7 tu, ila sifa yake iko katika mita 1,280 za katikati, ambazo zimening'inizwa kwa nyaya bila nguzo.

Kutoka hapo elekeeni Yosemite, hifadhi ya taifa iliyo katika milima ya Sierra Nevada, mlale usiku 2, kisha mpande njia ya Tioga inayofika mita 3,031, yaani karibu mita 1,900 juu ya Mwanza. Nendeni taratibu na unywe maji mengi, maana hewa ni nyepesi na kichwa kinaweza kuuma.

Mkishuka upande wa pili mtaliona Ziwa Mono, na hapo, mama, usikubali kupitishwa haraka. Maji yake yana chumvi mara mbili hadi tatu ya bahari, na hayana samaki hata mmoja. Ukingoni kuna nzi weusi waliotanda chini kama mkeka. Ukipiga hatua wanakupisha, ukishapita wanatua tena. Kuanzia mwaka 1941 jiji la Los Angeles lilichepusha mito inayolilisha ziwa hilo, kina kikashuka zaidi ya mita 13, na minara ya mawe meupe iliyojijenga chini ya maji ikabaki nje kama vichuguu. Wananchi walipigania mahakamani kwa miaka, hadi mwaka 1994 mamlaka ya jimbo ilipoamuru ziwa lirudishiwe maji. Sisi tunaoamka tukilitazama Ziwa Victoria tuna mengi ya kutafakari tukisimama pale.

Kusini zaidi, Mlima Whitney una mita 4,421, na bonde la Badwater katika Death Valley liko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Kati ya mlima huo na bonde hilo ni karibu kilomita 140 kwa mstari ulionyooka, pungufu ya safari ya Mwanza hadi Shinyanga. Ingieni jangwani alfajiri, tangi likiwa limejaa, na lita 4 za maji kwa kila mtu, kwa kuwa simu hukosa mtandao sehemu nyingi.

Los Angeles ipeni siku 2; foleni zake huchosha. Rudini kwa barabara ya pwani kupitia Big Sur, lakini mwanao aulize kwanza kama iko wazi, maana maporomoko huifunga mara kwa mara. Bahari utaitazama tu, kwani upande wa kaskazini maji huwa nyuzi 13 au 14.

Fungasha sweta 2, koti la kuzuia upepo, kofia pana, viatu vilivyofungwa na kanga zako, ambazo zitafaa jangwani kujikinga na jua na milimani kujifunika magoti ndani ya gari.