Fundi wa kambi, si fundi wa msimu

Swali la wiki liliuliza: kocha anayehama nchi kila baada ya miaka miwili mitatu ni fundi au ni mbabaishaji? Najibu kwa mfano wa Hervé Renard, kwa sababu rekodi yake inaonyesha waziwazi kazi gani inahitaji mtu wa aina hii na kazi gani inamshinda. Mpe timu ya taifa na kambi ya wiki tatu, utaona ufundi. Mpe klabu yenye mechi 38 za ligi, mambo yanaharibika.

Mfaransa huyu, aliyezaliwa mwaka 1968, hakuwa mchezaji wa jina kubwa. Alikuwa beki wa Cannes, akashuka hadi madaraja ya chini, na ukocha aliuanzia Draguignan, klabu ndogo ya Ufaransa, huku akiendesha kampuni ya usafi. Aliyemtoa huko ni Claude Le Roy, naye kocha aliyezunguka Afrika yote: alimchukua kama msaidizi China, akaenda naye Cambridge United ya Uingereza, kisha akamwita tena Ghana kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2008. Mwaka huohuo Zambia ikamkabidhi timu. Baada ya hapo orodha ni ndefu: Angola, klabu ya USM Alger ya Algeria, Zambia tena, klabu ya Sochaux ya Ufaransa, Ivory Coast, klabu ya Lille ya Ufaransa, Moroko, Saudi Arabia, timu ya wanawake ya Ufaransa, halafu Saudi Arabia tena.

Ubingwa wa AFCON wa Zambia wa 2012 watu huusimulia kama muujiza, nami naona tunamnyima haki yake. Aliporudi Oktoba 2011 kuchukua nafasi ya Dario Bonetti, mashindano yalikuwa yamebakiza miezi mitatu tu. Lakini Christopher Katongo, Kennedy Mweene na Rainford Kalaba alikuwa nao kwenye AFCON ya 2010, walipofika robo fainali na kutolewa na Nigeria kwa penalti. Alijua nani anakimbia dakika ya 80 na nani anajificha. Kazi iliyobaki ilikuwa kupanga mistari miwili ya watu wanne iliyobana, kuwaacha Emmanuel Mayuka na Katongo mbele, na kusimamia nidhamu. Clifford Mulenga alipovunja muda wa kurudi kambini na kukataa kuomba radhi, alirudishwa nyumbani mashindano yakiendelea. Kambi fupi haina nafasi ya kesi ya wiki mbili.

Fainali dhidi ya Ivory Coast ilichezwa Libreville, Gabon, tarehe 12 Februari, katika nchi ambayo ndege ya timu ya Zambia ilianguka baharini mwaka 1993. Kabla ya mechi wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Didier Drogba wa Ivory Coast alipaisha penalti ndani ya muda wa kawaida, mechi ikaisha 0-0, na kwenye matuta Zambia ikashinda 8-7 kwa mkwaju wa mwisho wa Stoppila Sunzu, aliyekuwa akichezea TP Mazembe ya Lubumbashi.

Mwaka uliofuata unafundisha zaidi. Oktoba 2012, kwenye mchujo wa AFCON ya 2013, Zambia ilinusurika kwenye uwanja wa Namboole, Kampala: Uganda ilishinda 1-0 na kufuta bao ambalo Zambia iliwafunga Ndola, kisha Zambia ikapita kwa penalti 9-8. Desemba, Taifa Stars ikawafunga 1-0 Dar es Salaam kwa bao la Mrisho Ngassa. Kwenye AFCON ya 2013 mabingwa walitoa sare tatu wakaaga hatua ya makundi. Naona wapinzani walishayasoma yale mashambulizi ya kushtukiza, wakawa wanawaachia Zambia mpira na kusubiri. Timu iliyojengwa kuumiza anayeshambulia huhangaika ikilazimika kushambulia yenyewe.

Kwangu mimi kazi yake bora ni Ivory Coast. Alipewa timu mwishoni mwa Julai 2014, na siku chache baadaye Drogba akastaafu soka la kimataifa. Kwenye mchujo wa AFCON ya 2015, Septemba Kameruni iliwafunga 4-1 Yaoundé. Oktoba walishinda 2-1 Kinshasa, lakini siku nne baadaye DR Congo ya Florent Ibenge ikaja Abidjan ikashinda 4-3. Tatizo lilionekana kwa macho: beki wa pembeni Serge Aurier alipopanda upande wa kulia, nyuma yake palibaki wazi, kiungo Yaya Touré hakuwa mtu wa kurudi kwa kasi kuziba, mabeki wawili wa kati wakawa wanavutwa pembeni na katikati pakafunguka. Renard hakumkataza Aurier kupanda. Aliongeza beki wa kati wa tatu, akawaweka Kolo Touré, Eric Bailly na Wilfried Kanon, ili mmoja akivutwa pembeni wawili wabaki mbele ya goli. Gharama yake ni kwamba unapoteza mtu mmoja mbele na mchezo unapoa; kwenye fainali za AFCON 2015 walivuka makundi kwa shida, sare mbili za 1-1 na ushindi wa 1-0. Lakini mashindano yote, mechi sita, walifungwa mabao manne tu. Nusu fainali wakakutana na DR Congo ileile, safari hii 3-1. Fainali na Ghana ikawa 0-0, na matuta 9-8 baada ya Ivory Coast kukosa mikwaju miwili ya kwanza. Kipa Boubacar Barry aliokoa mkwaju wa kipa mwenzake kisha akafunga wake. Hakuna kocha mwingine kabla yake aliyetwaa kombe hili na nchi mbili.

Ukiuliza kwa nini ulinzi ndio mlango wake wa kuingilia, tazama ratiba. Kwenye wiki za kimataifa mchezaji wa Ulaya anacheza klabuni Jumapili, anatua Jumatatu usiku, Jumanne ananyoosha misuli. Mechi ikiwa Ijumaa, umebaki na mazoezi mawili ya maana. Kwa muda huo huwezi kufundisha washambuliaji kuelewana, ila unaweza kupanga mabeki wanne wakajua nani anasogea na nani anabaki. Moroko ilifuzu Kombe la Dunia la 2018, mara ya kwanza tangu 1998, bila kufungwa bao hata moja katika mechi sita za kundi la mwisho.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Saudi Arabia dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia, 22 Novemba 2022. Kikosi chote kilitoka ligi ya nyumbani na kilikaa kambini wiki kadhaa, kwa hiyo angalau mara hii alikuwa na muda. Mabeki walisimama karibu na mstari wa kati, na kipindi cha kwanza Argentina walikataliwa mabao matatu kwa kuotea. Mtego huu wa kuotea una masharti. Lazima mwenye mpira awe anabanwa; akiinua kichwa kwa utulivu, mabeki warudi nyuma mara moja. Wanapanda mpira unaporudishwa nyuma au mwenye mpira anapogeuka. Beki wa pembeni akichelewa hatua moja, amewahalalisha washambuliaji wote. Wakiwa nyuma 1-0, Saudi Arabia walifunga dakika ya 48 na ya 53, wakashinda 2-1. Ila nahodha Salman Al-Faraj na beki Yasser Al-Shahrani waliumia mechi hiyohiyo, benchi halikuwa na watu wa kiwango chao, na Poland na Mexico wakawatoa.

Klabuni mambo ni mengine. Sochaux aliipokea Oktoba 2013 ikiwa mkiani, akaipigania hadi siku ya mwisho ya msimu, kisha ikafungwa 3-0 nyumbani na Evian ikashuka daraja. Lille walimfukuza Novemba 2015, msimu haujafika nusu. Mpinzani wa ligi anakusoma kila wiki, mchezaji aliyekosana nawe huwezi tu kuacha kumwita, na hamasa ya kambi haidumu miezi kumi. Hata matuta yamemgeuka: Moroko walitolewa na Benin mwaka 2019, wanawake wa Ufaransa na Australia mwaka 2023. Kocha anayekubali 0-0 mara nyingi lazima ajue anacheza na bahati.

Kwa hiyo shirikisho letu lolote likimtaka kocha wa aina hii, limwajiri kwa mashindano yanayojulikana, mkataba uishe baada ya fainali hizo. Lisimkabidhi timu za vijana wala falsafa ya nchi. Limpe mechi za kirafiki dhidi ya timu zinazojilinda, maana hapo ndipo Zambia ilipokwama 2013. Na kwenye benchi awepo msaidizi atakayebaki: Renard alipoondoka Zambia, timu alipewa Patrice Beaumelle, msaidizi wake aliyekuwa anawajua wachezaji wote. Hapa kwetu nafasi hiyo apewe mzawa, aandikwe ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza, na ripoti za mazoezi na video zote zibaki kwenye ofisi ya shirikisho.